Miguu ya Msikiti wa Mbao

Vijana mnaokuja dukani kwangu Kiwira kununua misumari na bawaba huwa mnaniuliza swali moja, na najua mnaliuliza ili niwapunguzie bei: "Baba, katika majengo yote uliyojenga, lipi lilikuwa kubwa?" Mnategemea nitaje ile nyumba ya wageni ya ghorofa, au ghala la chai, au kanisa la kule Masoko ambalo kenchi za paa lake nilizipandisha kwa siku mbili watu wakiwa wameshika vichwa. Yote hayo nimejenga, sikatai. Nimesoma mpaka darasa la nne, la tano sijui hata mlango wake ulikuwa na rangi gani, lakini wahandisi wenye vyeti wamesimama chini ya paa langu wakauliza, nani alikupigia hesabu hizi? Nikawaonyesha kidole hiki hapa ambacho kucha haipo.

Ila mgongo sasa umekataa ngazi, na mtu akishakaa nyuma ya kaunta anapata muda wa kufikiri. Nikifikiri, jengo linalonijia kila siku sikulijenga mimi. Nilikaribia kuliua.

Ninyi wa Tukuyu mjini mnaujua msikiti wa mbao, ule mdogo nyuma ya maduka, pale ardhi inapoanza kushuka kwenye migomba. Mnapita mkienda sokoni, mnaona mbao zilizofifia na paa la bati, mnasema kibanda cha zamani. Simameni siku moja muuangalie. Uliinuliwa na fundi wa pwani aliyepanda huku na wafanyabiashara, enzi ambazo msumari ulikuwa mali. Mvua ya kwao aliijua, lakini hii yetu ya Rungwe, inayonyesha mpaka mbuzi anasahau rangi yake, hakuwa ameiona. Hakukimbilia kujenga. Aliangalia kwanza wenyeji wanavyofanya, kisha akachukua yao na yake akayaunganisha.

Nguzo ni kumi na nane, za mvule uliobebwa kutoka chini Kyela. Kila moja imesimama juu ya jiwe jeusi la mlima wetu, haigusi udongo. Sakafu ya mbao imeinuliwa kiasi cha goti la mtu mzima, na chini yake kuna uvungu unaopitisha upepo kutoka upande huu hadi ule. Nguzo na boriti zimeshikana kwa ulimi na tundu, kisha kigingi cha mti kimepigwa kikapita. Msumari wa zamani nimeutafuta humo kwa macho haya, hata mmoja sikuupata. Ukuta wa nje ni mbao zilizolaliana kama magamba ya samaki. Ndani ni mianzi iliyopasuliwa na kufumwa kama nyumba za bibi zetu, nadhifu mpaka unaona haya kuiegemea. Paa limetoka nje hatua mbili nzima ili maji yaangukie mbali.

Siku ya kwanza nilipoitwa pale nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko kazi yangu. Aliyeniita alikuwa Mzee Salumu, mtunza msikiti, mtu mfupi wa kofia nyeupe, ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa waliochanga mvule ule. Nilimkuta barazani anakung'uta mkeka.

"Shikamoo mzee. Huu msikiti wenu umepinda."

"Marahaba. Umepinda na nini?"

"Na barabara. Ona, kona ile imetoka, hii imerudi ndani. Fundi wenu hakuvuta kamba."

Mzee alicheka mpaka akaweka mkeka chini. "Wewe Mkristo mwema, msikiti unaangalia Makka. Barabara imekuja juzi, ndiyo iliyopinda. Ukiwa na kamba ndefu kainyooshe barabara."

Nikacheka naye, lakini sikujifunza kitu. Ningejifunza, yanayofuata yasingetokea.

Lazima niwaeleze miaka ile ya ruksa, maana ninyi mmezaliwa mkakuta simenti imepangwa mlangoni kama mikate. Kabla yake, mfuko mmoja wa simenti ulikuwa na kibali, na kibali kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na shemeji yake. Mimi nimenyoosha msumari mmoja mara tano juu ya jiwe, nikaupiga kwenye nyumba tano. Halafu ghafla tukaambiwa biashara ruksa. Malori yakaanza kupanda, maduka yakajaa bati, rangi za kopo, vitasa vinavyong'aa, na simenti mpaka unachagua. Tulilewa, vijana wangu. Mimi nilikuwa fundi wa kwanza mjini kuwa na pima maji ya alumini, na nilitembea nayo hata kwenye misiba. Kila kitu cha zamani kilionekana ni cha dhiki. Ukimwona mtu ameweka kigingi, unasema alikosa msumari. Ukiona ukuta wa mianzi, unasema alikosa tofali.

Kazi niliyopewa pale ilikuwa kubadilisha bati chache na kupaka rangi. Lakini nilipoinama nikaona uvungu umejaa majani makavu na kuku wawili wametulia humo, nikajiona mganga.

"Mzee Salumu, hapa tuzibe. Nazungushia ukuta wa tofali chini kote, na miguu ya nguzo naimwagia zege mpaka gotini. Msikiti unakuwa wa kisasa. Hautikisiki tena."

Akakuna kidevu. "Wazee waliacha wazi. Sijui kwa nini, lakini waliacha."

"Walikosa simenti, mzee wangu."

Sentensi hiyo ndiyo ghali kuliko zote nilizowahi kusema. Mzee alikubali, maana ni kweli hawakuwa na simenti. Nikaziba. Nikaipaka miguu ya nguzo rangi, nikasuka mbao za boksi kuzunguka kila mguu, nikamwaga zege, nikalilainisha kwa mwiko mpaka linateleza. Ukuta wa chini nikaupaka rangi ya kijani. Ijumaa watu walikuja wakazunguka jengo lote wakiligusa, na Hajji Mbaraka, mfanyabiashara wa mchele mwenye malori matatu, akanishika bega mbele ya wote akasema, "Huyu ndiye fundi." Kazi zilinimiminikia. Nilijenga nyumba saba mwaka ule, na kila mteja nilimpeleka msikitini kwanza aone miguu.

Mmoja tu hakusifu. Huyo ni Fundi Lwitiko wa Masukulu, aliyenifundisha useremala kwa matusi. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa hakufundishi kushika randa mpaka uweze kutofautisha mbao kwa pua. Anakufumba macho, anakusogezea kipande: "Hii nini?" Ukisema mninga na kumbe ni podo, anakuambia rudi kwa mama yako ukachambue maharage. Nilikaa kwake miaka minne, miwili ya mwanzo nikifagia maranda tu. Alipita mjini siku moja kununua chumvi, nikamvuta nikamwonyeshe kazi yangu. Aliinama, akaweka kiganja kwenye zege, akakaa hivyo kama anayepima homa.

"Gwe Asajile," akaniita kwa Kinyakyusa chetu, "wewe ukilala na soksi mbichi miaka miwili, asubuhi utakuwa na vidole?"

Nikamcheka. Nikasema wivu wa wazee.

Haikufika hata hiyo miaka miwili sawasawa. Masika ya pili mlango wa msikiti ukaanza kugoma kufunga. Nikaupiga randa. Ukafunga, ukagoma tena. Kisha sakafu ikaanza kutoa harufu ya uyoga, na mikeka ikawa na unyevu upande wa chini hata siku za jua. Nilipoitwa nilisema ni mvua ya mwaka huu tu. Ndani ya moyo nilishajua. Fundi anajua kabla ya mwenye nyumba, msidanganyike.

Alhamisi moja Mzee Salumu alikuwa anatandika mikeka kwa ajili ya Ijumaa, ubao ukapasuka chini yake, mguu ukazama mpaka pajani. Nilimkuta amekalishwa barazani, kifundo kimevimba kama ndizi mshale ya kuiva. Hakunilaumu. Aliniambia, "Pole na kazi, fundi. Mbao zetu zimezeeka kama mimi." Ningependa angenitukana.

Jumamosi wazee wa msikiti wakakaa, nami nikaitwa. Hajji Mbaraka ndiye aliyezungumza zaidi. Alikuwa na moyo mweupe, msimwelewe vibaya. "Jengo limetumika, limechoka," alisema. "Ramadhani haiko mbali. Tubomoe sasa, tusali kwenye turubai, mimi natoa tofali na simenti yote. Na kazi yote, kuanzia kubomoa mpaka mnara, ni ya huyu kijana." Akaninyooshea kidole.

Ndugu zangu, mnara! Hakuna fundi wa rika langu wilaya nzima aliyewahi kujenga mnara. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mzee Salumu alikuwa ameunyoosha mguu wake uliofungwa kitambaa, anaangalia juu, kwenye boriti ambazo babu yake alizichangia. Ilikuwa wazi kwamba nikikubali, hakuna mtu duniani atakayejua simenti yangu ilifanya nini, kwa sababu ushahidi nitaubomoa mwenyewe kwa mikono yangu na kulipwa juu yake.

Niliomba siku mbili za kufikiri. Nikapanda kwenda Masukulu.

Fundi Lwitiko alikuwa amekaa nje ya nyumba yake anachonga mpini. Miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua. Nilizunguka na maneno: kwamba mbao zina umri wake, kwamba watu wamekubaliana, kwamba hata angekuwa yeye angefanya nini. Akaacha kisu.

"Mwanangu, umekuja kuniuliza au umekuja nikuruhusu?"

Nikainama nikaanza kuokota vipande vya mti alivyochonga.

"Ulishaichoma kisu ile nguzo?"

"Bado, tata," nikajibu, nikimwita baba.

"Unaogopa nini, damu?"

Jumatatu niliwaita wazee wote msikitini. Walidhani nimekuja kupima eneo la mnara. Nikapiga magoti kwenye nguzo ya kona, nikalivunja zege lile nililolilainisha kwa mwiko. Kilipoanguka kipande, maji yalitoka. Maji kabisa, ya kahawia, yaliyokuwa yamekaa humo kama kwenye kikombe. Nikachomeka kisu kwenye mguu wa nguzo, kikazama mpaka mpini kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Kisha nikapandisha kisu juu ya pale zege lilipokuwa limeishia, nikachoma tena kwa nguvu zangu zote. Ncha ya kisu ikakatika.

"Mnaona," nikasema, na sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Hapa juu mti ni mzima. Una nguvu kuliko siku ulipokatwa. Haujazeeka. Zege langu lilishika maji likaunywesha mguu usiku na mchana, na ukuta wangu ukaziba upepo ambao ulikuwa unaukausha. Mguu wa Mzee Salumu nimeuvunja mimi."

Hajji Mbaraka akapiga makofi mara moja. "Haki ya Mungu, sijawahi kuona fundi anayejishitaki na huku amepewa kazi! Sasa unatakaje? Tukushangilie?"

"Nataka niubadilishie msikiti miguu. Bure."

"Kumi na nane? Na paa lote liko juu?"

"Kumi na nane."

"Utaangusha msikiti juu ya vichwa vya watu."

Mzee Salumu akazungumza kwa mara ya kwanza. "Mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiwa hujamaliza, Hajji analeta tofali zake, na mimi sitafungua mdomo tena."

Hajji akanigeukia. "Nitakuazima jeki za malori yangu, zote tatu. Nataka nione mwenyewe unavyoaibika."

Mtu mwenye moyo mweupe, nimewaambia.

Kazi ile ndiyo iliyonifanya fundi. Nyumba saba za nyuma nilikuwa nabahatisha tu. Unaweka ubao mnene chini ya jeki, maana udongo wetu mweusi ukilowa unameza chuma. Siku ya kwanza jeki ilizama na nguzo ikashuka upana wa kidole, jengo lote likalia kama ng'ombe, nikakaa chini nikajikojolea kidogo. Sioni haya kusema, maana nawajua wakubwa waliokimbia. Unainua nguzo moja tu kwa wakati mmoja, unene wa shilingi, usizidishe, kwa sababu viungo vya juu vimezoeana na havipendi kushtuliwa. Unakata kilichooza. Unachonga ngazi kwenye nguzo na ngazi nyingine kwenye mguu mpya, zinalaliana, unapiga vigingi viwili vilivyokauka sana ili vikipata unyevu wa hewa vivimbe na kubana. Unashusha kwa timazi, si kwa macho.

Fundi Lwitiko niliteremka naye kutoka Masukulu kwa gari la ndizi, nikamkalisha kwenye kiti barazani pamoja na Mzee Salumu, wote wawili miguu yao mibovu imenyooshwa. Walinisema kutwa nzima, mmoja kwa Kinyakyusa, mwingine kwa Kiswahili cha kusoma.

Nguzo ya nne ndiyo iliyonifungua macho. Nilipovunja zege na kuparura tabaka la rangi, nikaona mstari kwenye mti, shubiri moja juu ya jiwe. Mstari ulionyooka, na vichwa viwili vya vigingi. Nikavunja zege la nguzo ya jirani, nikaparura. Mstari. Nikazunguka zote zilizobaki nikivunja zege, patasi mkononi kama mwendawazimu. Zote zina kiungo, hata mabaki ya zile tatu za kwanza niliyokwisha kuyatupa. Nguzo za msikiti ule hazikuwahi kuwa na miguu ya kuzaliwa nayo. Yule fundi wa pwani alizisimamisha tangu mwanzo juu ya vipande vifupi vya mti mwingine, vilivyochongwa ngazi ileile niliyodhani nimeibuni mimi kwa akili yangu. Na mimi nilishavipaka rangi viungo vile miaka miwili nyuma, kimoja kimoja, bila kuviona.

Nikamwita mwalimu wangu. Akasaidiwa kushuka ngazi, akainama, akapitisha kidole kwenye mstari.

"Alijua maji yatashinda," akasema taratibu. "Akayaachia miguu yaile, yasifike mwilini. Halafu akamwachia mtu mwingine kazi ya kubadilisha." Akanitazama. "Ndaga fijo kwake, asante sana. Wewe angekukaanga."

Mzee Salumu hakuelewa kwanza. Nilipomweleza akasema polepole: "Babu alikuwa anasema kila kizazi kinaununua msikiti huu upya. Mimi nilidhani anazungumzia sadaka."

Kwa nguzo nyingi kuoza kulikuwa hakujavuka kiungo, kwa hiyo ilibidi nigonge tu vigingi vya zamani vitoke, nitoe kipande na kuingiza kipya cha mninga wa Chunya, nilichokilowesha kwenye oili chafu ya malori. Tano ndizo zilizokuwa zimeliwa mpaka juu, zikanichukua nusu ya muda wote. Ukuta wa kijani niliubomoa kwa nyundo mchana kweupe, wateja wangu wa zamani wakipita na kuuliza, nami nikawajibu. Wawili walidai niende nikavunje na zege la nguzo za baraza zao. Nilienda.

Nilimaliza Jumatano. Ijumaa ndiyo ingekuwa ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, na Hajji Mbaraka alikuwa ameshashusha tofali za kwanza pembeni ya msikiti, tayari kwa lolote.

Mimi si wa kuingia kwenye safu. Nilibaki nje upande wa migomba, mvua ikiwa nyepesi, nikapiga magoti chini ya lile paa linalotoka nje, kwenye nguzo ya kona, ile niliyoichoma kisu mbele ya wazee. Uvungu ulikuwa wazi, upepo wa baridi unapita na kunipiga shingoni. Nikaweka kiganja pale mguu mpya ulipokutana na mwili wa zamani. Nikasikia ndani wanasimama, msikiti umejaa mpaka barazani. Wakainama, mbao zikatoa sauti ndogo. Kisha wakashuka wote kwa pamoja kusujudu, na uzito wa watu wale ukateremka kupitia kwenye mti, nikauhisi unapita kwenye kiganja changu kwenda kwenye jiwe.

Mstari haukusogea hata unene wa unywele.

Walipotoka, Hajji Mbaraka alizunguka nyuma akanikuta bado nimepiga magoti kwenye matope. Akaangalia nguzo, akaniangalia mimi, akaziangalia tofali zake.

"Haya," akasema, "inuka. Hizi utanijengea pa kutawadhia. Na weka mbali na mbao."